Kabla ya kununua SSD, tafuta blada

Ukilalamika kwamba kompyuta yako ya mezani ina kelele, utapewa jibu moja tu: nunua SSD. Mimi napinga. SSD ni nzuri, na kama pesa ipo, weka mfumo wa uendeshaji huko. Lakini kwa kuhifadhi picha, video na nakala za kazi, diski ya kuzunguka bado inakupa terabaiti kwa bei nafuu zaidi. Tena kelele nyingi hazitokani na diski yenyewe. Zinatokana na jinsi ilivyofungwa.

Hapa Landless wengi tunaishi bedsita. Kompyuta iko hatua mbili kutoka kitandani, na ukuta ni mmoja na wa jirani. Ukiiacha ikipakua faili usiku kucha, mvumo huo unalala nao.

Diski ya 7200 RPM inazunguka mara 120 kwa sekunde. Hakuna diski iliyosawazika kikamilifu, kwa hiyo inatikisika mara hizo hizo. Skrubu nne zinapeleka mtikisiko kwenye kasha (lile ambalo wengi huliita sipiyu), na bati lake pana linageuka ngozi ya ngoma. Weka simu inayotetema juu ya meza, kisha juu ya mto. Simu ni ile ile, kumbe meza ndiyo iliyokuwa inapiga kelele!

Dawa ni blada, ule ukanda wa tyubu ambao watu wa bodaboda hufungia mizigo. Bei yake haikuumizi.

1. Zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Toa diski, uihamishie kwenye nafasi pana ya CD. Hapo inabaki kama sentimita 2 kila upande.
2. Kata blada nyembamba, uzifunge kutoka upande mmoja wa nafasi hadi mwingine kama pete mbili, moja mbele na moja nyuma. Diski ipite katikati ya pete, mpira juu na chini.
3. Usikaze sana. Diski ishuke kama milimita 5 kwa uzito wake. Hapo mpira unacheza karibu mara 7 kwa sekunde, mbali sana na 120, na mtikisiko mwingi haufiki kwenye bati.
4. Nyaya zilegee, na diski isiguse chuma popote.

Angalia pia: mpira mweusi una masizi ya kaboni, ambayo yanaweza kupitisha umeme. Weka kipande cha plastiki ngumu kati ya blada na saketi iliyo chini ya diski, na usizibe tundu dogo la hewa.

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni joto. Skrubu zilikuwa zinapeleka joto kwenye bati, sasa hazipo. Endesha smartctl -A uone. Diski nyingi za mezani zina kikomo cha nyuzi 60. Mimi nisingependa ipite 45, na ikipita, weka feni inayozunguka polepole mbele yake.

Ya pili ni kwamba diski inayoning'inia inayumba kichwa chake kinaporuka. Ni kweli kwamba diski na mtikisiko hawapatani: mwaka 2008 Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodiwa akizipigia makelele diski za seva, na muda wa diski kujibu ukapanda. Kwa seva yenye diski nyingi, fuata mtengenezaji. Kwa diski moja nyumbani, hutaona tofauti.

Lakini kompyuta ikihama nyumba, rudisha skrubu kwanza. Diski iliyofungwa kwa blada haipandi matatu wala mkokoteni. Na kila baada ya miezi michache kagua mpira kama umeanza kupasuka.

Jambo la mwisho, na ndilo muhimu kuliko yote. Blada ni dawa ya mvumo. Diski inayolia tak-tak-tak inakufa, na kuinyamazisha ni kuficha kilio cha mgonjwa. Hiyo usiifungie chochote. Nakili data yako leo, kisha ndipo uende kununua nyingine.