Kabla fundi hajafuta kompyuta, muulize modemu imekwama wapi

Haya jamani, nimerudi chuo. Samahani kwa ukimya, nilikuwa Tingi kwa mjomba, kule inakoanzia barabara ya kwenda Kipatimu.

Mjomba ana kibanda cha kuchapa barua. Kompyuta yake kuukuu, ina Linux, na intaneti anaipata kwa modemu ya kuchomeka. Wiki ile ikagoma. Fundi akaja, akaitazama dakika mbili, akatoa hukumu: Linux haielewani na modemu, tufute kila kitu tupige Windows. Mle ndani mna barua za kazi za watu, mikataba ya mashamba na hesabu za vikoba vya kina mama, na nakala nyingine hakuna. Na mjomba alishakubali!

Nikamwambia, "Mjomba, samahani, nipe usiku huu mmoja tu." Akajibu, "Haya mjomba, ila ukiharibu utazichapa upya wewe."

Wengi hatujui kwamba vimodemu hivi navyo hupiga simu, kama vile vya zamani vya waya wa simu ya mezani. Namba yenyewe ni *99#. Kwa hiyo mtandao ukikosekana, swali ni moja: safari imekatikia wapi? Kompyuta imeiona modemu? (Nyingine hujitambulisha kwanza kama sidii, mpaka usb_modeswitch izigeuze. Vituko.) Imepiga? Imeitikiwa na kupewa anwani ya IP? Kama anwani ipo lakini kurasa hazifunguki, andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, laini nzima, angalia DNS, maana ndiyo inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Yetu ilionekana, ikapiga, ikarudisha NO CARRIER. Kumbe mjomba alihamia laini ya kampuni nyingine kufuata bando nafuu, lakini kwenye faili la wvdial APN, yaani jina la mlango wa kuingilia mtandao, ilibaki ya kampuni ya zamani. Neno moja tu! Nikalibadilisha, saa tano usiku intaneti hiyoo.

Fundi simlaumu sana. Enzi za simu ya mezani ziliuzwa modemu zilizoitwa winmodem, ambazo sehemu kubwa ya kazi yao ilifanywa na programu za Windows. Bila draiva, Linux ilibaki kuitazama tu. Kosa la kifaa, jina baya likaenda kwa Linux, na bado linatembea.

Ninaotulaumu ni sisi, walimu watarajiwa. Maandalio yetu ya somo la kompyuta ni yale yale: kibodi ni nini, kipanya ni nini, taja sehemu tano. Nani anamwachia mwanafunzi mashine iliyogoma akamwambia tafuta? Halafu ujumbe wa Kiingereza mtu anauogopa kabla hajausoma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Sisi hata kumweleza mtoto kwamba NO CARRIER ni "upande wa pili haujaitika" tunaona kazi.

Jumatano ni zamu yangu ya kufundisha mbele ya wenzangu. Nitakuja na modemu, APN nimeivuruga makusudi. Atakayeniuliza hilo limo ukurasa wa ngapi wa kitabu, ndiye atakayeanza kutafuta.