Kutu Haina Msamaha

Vijana wetu wengi hapa Uingereza wameingiwa na mapenzi ya magari ya zamani, yale waliyoyaendesha baba zao na ami zao. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe nimerithi kwa marehemu ami yangu Morris Minor ya mwaka 1968. Ninalotaka kusema ni juu ya mabomba ya breki na ya petroli, ambayo hayaonekani, na kwa hivyo hayakumbukwi.

Tangu Mei 2018 sheria ya hapa imeyasamehe ukaguzi wa MOT magari yaliyotimiza miaka arubaini, maadamu hayakubadilishwa sana. Wengi wameufanya msamaha huu kuwa cheti cha uzima. Sivyo. Mwenye gari bado anawajibika kwa usalama wake, na kutu haijamsamehe mtu.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Mwaka juzi nikiteremka kilima nilikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kana kwamba nimekanyaga tope. Mjukuu wangu alikuwa kiti cha nyuma. Tulisalimika kwa gia na breki ya mkono. Tulipolinyanyua gari tukakuta bomba la chuma liendalo magurudumu ya nyuma limetoboka pale linapobanwa kwenye bodi, mahali ambapo chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi hujificha pamoja na unyevu. Kwingine kote lilionekana zima. Kikulacho kimo nguoni mwako.

Katika gari lile magurudumu yote manne hulishwa na njia moja ya breki. Tundu moja likitokea, breki zote za mguu huondoka. Magari ya siku hizi yana njia mbili, moja ikifa nyingine hubaki.

Mpwa wangu, hodari wa spana, alisema tubadilishe lile moja tu, mengine bado mazima. Nilimjibu kwa swali: mengine yalitiwa lini? Yote yalitoka kiwandani siku moja, na yamekula chumvi moja. Basi tukayang'oa yote, tukatia ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hayapati kutu. Ncha zake tulizitandaza kwa chombo chake maalumu, si kwa nyundo na koleo. Tukatia mafuta mapya ya breki, tukaitoa hewa tukianzia gurudumu la mbali kabisa na silinda kuu.

La petroli nalo lisidharauliwe. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo hula mipira ya zamani. Mpira ukipasuka karibu na injini ya moto, hapana haja ya kueleza yatakayofuata.

Vijana wangu, magari haya ndiyo tunayoyapamba maua na kuwapakia maharusi wetu. Mnapiga rangi, mnang'arisha bampa, kisha mnaona choyo kununua mabomba! Anzeni chini ya gari, rangi ije baadaye. Na ijapokuwa mmesamehewa, lipelekeni gari kwenye ukaguzi kwa hiari yenu kila mwaka. Chuoni tulifundishwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akategemea.