Goti Likivimba na Kuwaka Moto

Hapa kwetu Frogtown, mtu akivimba goti ushauri hauchelewi: chua kwa mafuta, meza dawa ya maumivu, subiri Jumatatu. Kwa goti lililochoshwa na zamu za usiku, sawa. Lakini goti lililovimba ghafla, linawaka moto na mwenyewe ana homa, nawasihi, ndugu zangu, msililaze nalo hata usiku mmoja.

Yote yanategemea ni mdudu gani ameingia. Staphylococcus aureus, bakteria ambaye baadhi yetu tunatembea naye puani bila kujua, ndiye kinara wa kujaza usaha kwenye viungo vya watu wazima. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, huanza kuharibika ndani ya siku chache, na likishaliwa halioti tena. Watoto wadogo wana wao, Kingella kingae. Huyu ni mpole kidogo: homa inaweza kuwa ndogo, mtoto anakataa tu kukanyaga. Kifua kikuu nacho hakina haraka, hukaa miezi kwenye nyonga au uti wa mgongo, pengine bila kikohozi chochote. Kwa hiyo mwambieni daktari mlikotoka na kambi mlizopitia.

Minnesota imetuongezea kupe wa kulungu. Ugonjwa wa Lyme huvimbisha goti kama puto, miezi kadhaa baada ya kuumwa, na bado mgonjwa anatembea! Wengi hupona kwa vidonge vya doksisaiklini vya siku 28. Wazee wenye goti bandia hawana bahati hiyo: bakteria hujijengea utando juu ya chuma, dawa haupenyi vizuri, na mara nyingi huishia kwenye kisu.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Daktari huchoma sindano, huvuta maji ya kiungo na kuyapeleka maabara. Ndiyo maana vile vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini msivimeze kabla: vinaweza kumficha mdudu.

Najua mnachoogopa ni bili. Tangu 1986 sheria ya Marekani inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa kwanza, awe na bima au hana. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ombeni mkifika mapokezi. Mtoto wa darasa la sita asibebeshwe kazi hiyo.

Na mkumbuke siku na saa uvimbe ulipoanza. Hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.