Gemu ya TV Haikumlea Mtu

Katika maduka ya simu yaliyobanana kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, kati ya chaja na kava za simu, hakukosekani kidude cha plastiki kilichoandikwa SUP, chenye gemu 400 tumboni. Jirani yake hukaa kisanduku cha kijivu chenye pedi mbili na waya za rangi nyuma, kinachojigamba kuwa na gemu 620. Wanaoviulizia si watoto. Ni watu wazima wa miaka thelathini na kitu, funguo za gari mkononi, na kabla hata ya kutajiwa bei hutoa maneno ambayo muuzaji ameyasikia mpaka amechoka: "Hizi ndizo gemu zetu. Watoto wa siku hizi hawajui kitu."

Hiyo ndiyo imani inayostahili kukabwa. Inasema gemu za zamani zilikuwa safi, zilifunza uvumilivu na ziliwaunganisha watoto wa mtaa, ilhali za leo ni za damu, uvivu na upweke. Kwa hiyo mzazi mwenye busara ampe mwanawe Mario, ampokonye simu, na malezi yatanyooka. Ni imani tamu. Ukiibana kidogo tu, haibaki na kitu.

Kwanza, mashine yenyewe. Nintendo ilianza kuuza Family Computer nchini Japani tarehe 15 Julai 1983, ikaipeleka Marekani miaka miwili baadaye kwa jina la NES, na kwa jumla ikauza karibu mashine milioni 62 duniani. Lakini zile zilizojaa katika nyumba za Kenya miaka ya tisini hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa nakala za Taiwan na China, ambazo saketi nzima ya Mjapani ilibanwa ndani ya chipu moja iliyozibwa kwa tone la gundi nyeusi, kisha ikavikwa ganda la umbo lolote. PolyStation ilijivika sura ya PlayStation ya Sony. Ukifunua kifuniko cha CD, unakutana na tundu la kaseti. Kaseti nayo iliandikwa gemu 9999999, na aliyekuwa na subira ya kushuka na orodha aligundua ni zilezile chache, zikirudi kwa majina mengine. Warusi waliita nakala yao Dendy, Wapolandi wakaiita Pegasus. Mkenya aliiita gemu ya TV, akamaliza.

Kwa hiyo Nintendo ilipotoa NES ndogo mnamo Novemba 2016, ikiwa na gemu 30 kwa dola 60, na watu wakaigombania hadi ikaisha madukani, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za sebule za Chicago na Osaka. Mtoto wa Isinya au Bisil, huku Kajiado, alikuwa na kumbukumbu nyingine kabisa: televisheni ya Great Wall ya inchi 14 isiyo na rangi, na mahali ambapo stima haikuwa imefika, betri ya gari chini ya meza. Alimjua Mario wa rangi ya majivu. Kwamba kofia yake ni nyekundu, wengine waligundua wakiwa tayari na vitambulisho vya taifa.

Uvumilivu je? Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina uzito wa kilobaiti 40. Picha moja ya harusi inayotumwa kwa WhatsApp huizidi. Gemu ndogo kiasi hicho, mchezaji hodari anaimaliza kwa muda wa chai. Ili mnunuzi asijione ametapeliwa, watengenezaji waliirefusha kwa kuifanya ngumu, na ugumu huo waliurithi kutoka kwa mashine za kumbini zilizotengenezwa makusudi zimuue mchezaji haraka ili adumbukize sarafu nyingine. Hilo si somo la maadili. Ni biashara.

Na wanaojisifu kwa uvumilivu ndio hao hao waliokariri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, wakajichotea maisha 30 katika gemu ya Contra. Mbinu hiyo ilibuniwa na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alipokuwa akiitayarisha Gradius, kwa sababu gemu hiyo ilimshinda yeye mwenyewe kuijaribu hadi mwisho. Ikiwa mtengenezaji alitafuta njia ya mkato, mtoto wa darasa la tano alijifunza uvumilivu kwa nani?

Usafi nao ni hadithi. Contra ni wanaume wawili wenye bunduki wanaoua kila kinachosogea. Mortal Kombat ilimng'oa mtu kichwa pamoja na uti wa mgongo, na Desemba 1993 maseneta wa Marekani waliketi kuijadili kama janga la kitaifa. Mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kuainisha gemu kwa umri. Wazazi wa wakati huo waliona vijana wao wameharibika. Vijana hao ndio leo wanaosema walioharibika ni hawa wa sasa.

Kinachobaki ni umoja, na hapa ndipo wapenzi wa zamani huwa na machozi karibu. Kweli, watoto kumi walikaa kwenye zulia moja. Walikaa kwa sababu mashine ilikuwa moja kwa ploti nzima. Mtoto wa mwenye nyumba alishika pedi ya kwanza mchana kutwa. Wengine walingoja afe ndipo wapishwe. Aliyeogopwa kuchafua sebule alichungulia dirishani, pua kwenye nondo. Kaseti ikigoma, ilichomolewa, ikapulizwa, ikarudishwa, na aliyeipuliza kwa mate mengi alifukuzwa. Wasichana waliitwa jikoni kabla zamu yao haijafika. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa kucheza Tekken 7. Katika ile sebule ya zamani inayosifiwa, huenda angekuwa anaosha sufuria.

Kilichowakusanya watoto, basi, ni uhaba. Wala uhaba huo haujaisha.

Kitengela ilihesabiwa watu 154,436 katika sensa ya 2019. Wengi wanaishi kwenye ploti za kupanga ambazo ua wake ni kamba za kuanikia nguo na mahali pa kuegesha gari mbili. Mbuga iliyokuwa wazi imekatwa vipande na kuzungushiwa ukuta. Mtoto asiye na uwanja hutafuta paa lenye wenzake, na mara nyingi paa hilo ni la kibanda cha PS, yaani PlayStation: mabati, benchi mbili, skrini zilizofungwa ukutani, pedi ambazo mpira wake umelika hadi plastiki, na karatasi iliyobandikwa kwa seloteipu kutangaza bei ya mechi. Anayefungwa anatoka. Anayesubiri anapiga kelele kama refa. Mkubwa anamfundisha mdogo kupiga krosi, kisha anamfunga mabao manne.

Humo ndimo mashine ya zamani ilimofufuka kwa kweli, bila sanduku la zawadi. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155. Mafundi hawakupewa habari za msiba huo. Mashine iliyochipiwa inasoma gemu kutoka kwenye flashi, na gemu ya soka ya PES ya miaka mingi iliyopita inavishwa jezi na wachezaji wa msimu huu, kazi ya mashabiki ambao huko Brazil wameifanya iwe desturi kwa jina la Bomba Patch. PS2 ya kibandani haimkumbushi mtu utoto. Inatumika.

Sasa mtazame yule baba aliyenunua kisanduku cha gemu 620. Anafika nyumbani, anakichomeka kwenye TV bapa ya inchi 43, Mario ananenepa kwa kuvutwa pembeni. Anashika bastola ya plastiki ya gemu ya kuwinda bata, anafyatua, bata wote wanaruka salama, kwa kuwa bastola ile husoma mmweko wa televisheni za kioo cha mgongo mnene na kwenye skrini bapa ni kipofu. Mtoto anatazama dakika kumi kwa heshima, kisha anaomba ruhusa ya kutoka. Anakwenda kibandani. Saa moja baadaye baba huyohuyo anamfuata na kumtoa kwa kumvuta sikio.

Anamfukuza kutoka katika jambo lilelile ambalo ametoka kulinunulia plastiki ili alikumbuke.

Hofu yake si ya kutungwa. Viko vibanda ambavyo mechi huchezewa pesa, vinavyofungua saa za masomo, vyenye pazia zito na moshi ambao si wa jiko. Lakini hayo ni makosa ya mlango, saa na mwenye kibanda. Yana dawa isiyohitaji msako wa chifu na watoto kukimbia wakiruka mitaro: pazia litoke, aliyevaa sare asiingie, kamari ikome, kufunga kuwe kabla ya giza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka juu ya burudani za umma, maonyesho ya video yakiwamo, pamoja na viwanja na bustani. Serikali ya Kaunti ya Kajiado inaweza kukipa kibanda masharti ya leseni kama inavyoipa baa. Na mzazi anayelilia zulia la zamani anaweza kuidai kiwanja kwa sauti ileile anayotumia kulaani simu.

Kabla ya hapo, ipo hatua ndogo ya Jumamosi alasiri. Aache kile kisanduku kwenye kabati, atembee hadi kibandani, ainame apite mlangoni. Kelele zitazima ghafla, kwa sababu mtu mzima akiingia pale huwa amekuja kuvuta sikio la mtu. Kijana anayekusanya pesa atamtazama usoni, amtazame mkononi, kisha amuulize anachopaswa kujua: "Mzee, unacheza ama umekuja kutafuta mtoto?"