Chakula cha Kwetu Si cha Kufichwa Jikoni

Wako wenzetu wengi wanaoamini kwamba chakula cha asili hakifai kuandaliwa mbele ya wenye fedha. Mgeni wa heshima akija, samaki wa kupaka huachwa jikoni, na mezani huletwa kuku na viazi vya kukaanga. Dhana hiyo ni potovu, na ushahidi niliupata mbali, huko San Francisco, Marekani, katika hoteli moja ya Wavietnam.

Tulikwenda watu saba, Wakenya watupu, wengi wao wakiwa wakazi wa huko. Hoteli yenyewe ni ya fahari: vitambaa vyeupe mezani, taa hafifu, na bei za kumfanya mtu asome orodha ya vyakula mara mbili. Nilitarajia uma na visu vya kila namna. Kumbe tulifungwa vitambaa shingoni kama watoto, tukaletewa kaa wazima wa kujaza sahani, waliookwa kwa siagi, pilipili manga na vitunguu saumu, pamoja na koleo za kuvunjia magamba. Meza ya jirani mabwana wenye suti na mabibi wenye mikufu walikuwa wakifyonza miguu ya kaa, mafuta yakiwachuruzika viganjani. Hakuna aliyemcheka mwenziwe. Ndugu yetu wa Lamu ndiye aliyemaliza kwanza, maana kwake hiyo haikuwa elimu mpya.

Upishi huo una historia. Mwaka 1971 Bi. Diana An, Mvietnam, alifungua hoteli ndogo mjini humo iitwayo Thanh Long. Saigon ilipoanguka mwaka 1975, mke wa mwanawe, Bi. Helene An, alikimbia nchi akaja kuungana naye. Yeye ndiye aliyebuni tambi za vitunguu saumu ambazo wapishi wengi wameziiga. Mwaka 1997 jamaa hiyo ilifungua hoteli ya fahari huko Beverly Hills. Kaa na tambi zao hupikwa katika jiko la siri, wanamoingia watu wa ukoo tu. Kitu cha thamani hulindwa.

Watatokea watakaosema kwamba huo si upishi halisi wa Kivietnam, kwani siagi ni ya Wafaransa waliowatawala. Hoja hiyo haina uzito. Biriani na sambusa pia zilitufikia kwa majahazi, lakini nani atamwambia mtu wa Mombasa kwamba si vyakula vyake? Kuchanganya si kosa. Kosa ni kuona haya.

Hata hivyo, si yote ya kusifiwa. Hesabu ilipoletwa tuligawana, na fungu la kijana wetu mwanafunzi tukalilipa sisi wakubwa. Chakula kikipanda cheo hata wenyewe wasikimudu, heshima hiyo ina kasoro.

Basi wenye hoteli zetu nawaomba wachukue lililo jema na kuacha lililo baya. Waweke samaki wa kupaka, omena na mukimo juu ya vitambaa vyeupe, kwa bei ambayo mwalimu na karani wataiweza, na wamletee mgeni maji ya kunawa. Asiyejua kula kwa mkono na afundishwe. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.