MASHINE IKINYAMAZA, USISEME JINA HALIMO



Mfanyakazi wa kiwanda cha maji ya chupa hapa Juba, au mkata misaji wa mashamba ya Equatoria, akienda ofisini kuulizia malipo yake siku hizi, aghalabu karani hafungui jalada. Anaandika jina kwenye kompyuta, anasubiri kidogo, kisha anasema: "Jina halimo." Mfanyakazi anarudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wanamtazama. Neno hilo limekuwa hukumu isiyo na rufaa. Maoni yangu ni kwamba karani hana haki ya kulitamka mpaka athibitishe kuwa mtambo umetafuta kweli.

Tuuelewe mtambo wenyewe. Ofisi kubwa haitumii kompyuta moja. Hutumia kundi la seva zinazogawana kazi. Ipo inayohifadhi kumbukumbu zenyewe. Ipo inayopita na kuzisoma, ikaandika faharasa, yaani daftari la kuonyesha kila jina liko wapi. Ipo inayopokea swali la karani na kulipeleka kwenye faharasa. Ni kama masjala ya zamani: majalada yamo kabatini, daftari la orodha liko mezani. Mwenye daftari akilala usingizi, majalada hayajaungua. Bado yamo kabatini.

Hivyo basi, karani akiona kwamba hakuna kitu, kuna mambo matatu yanayowezekana. Huenda mtambo umetafuta kote na jina halimo kweli. Huenda sehemu moja ya faharasa haikujibu, basi umetafuta nusu tu. Au haukutafuta kabisa. Muda wa kusubiri uliisha. Programu kama Elasticsearch hueleza ndani ya jibu lake ni sehemu ngapi zimeshindwa, na huonyesha hali ya kundi kwa rangi: kijani, njano au nyekundu. Lakini aliyetengeneza skrini ya karani asipoiweka taarifa hiyo, karani haioni, na wewe unaambiwa halimo.

Sababu za kunyamaza zinajulikana. Ya kwanza ni umeme na mtandao. Mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Juba Novemba 2019, na mkongo wa mawasiliano kutoka upande wa Uganda ulifika mwaka 2020. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, umeme ukikatika seva ikiwa katikati ya kuandika, faharasa yaweza kuharibika.

Ya pili ni diski kujaa. Elasticsearch, kwa kawaida yake, diski ikifika asilimia 95 hukataa kuandika jipya, lakini ya zamani huendelea kuyaonyesha. Ndugu zangu, tazameni nani anaumia: mkongwe anaonekana, kibarua aliyeandikishwa juzi haonekani! Ya tatu ni neno la siri la msomaji kupitwa na wakati, akafungiwa mlango wa kumbukumbu. Ya nne ni saa za seva kutolingana, zikakataana zenyewe kwa zenyewe.

Ya tano tunaielewa sana sisi wa chama: akidi. Seva huchagua kiongozi kwa wingi wa kura. Zikiwa mbili na moja ikafa, iliyobaki haina wingi, na kazi husimama. Zikiwa tatu, moja ikianguka mbili huendelea. Mwajiri anayenunua mbili ili kubana matumizi ameokoa fedha zake kwa hasara ya mshahara wako.

Upo pia ugonjwa wa ufundi nao ni haraka. Fundi anaitwa, anazima na kuwasha seva zote kwa pamoja, anaondoka. Amevuruga dalili, na chanzo kimebaki. Fundi mwenye kujua kazi husoma kwanza daftari la matukio la kila seva, hutazama diski na mtandao, kisha huwasha upya moja moja na kungoja rangi irudi kijani. Ajue pia kwamba faharasa yaweza kuandikwa upya kutokana na kumbukumbu, lakini kumbukumbu haziwezi kurudishwa kutokana na faharasa. Nakala za kumbukumbu ndizo za kulindwa kwanza.

Waajiri watasema tunatetea wafanyakazi hewa. La hasha! Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania iliondoa kwenye orodha wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, na hapa Sudan Kusini majina hewa ni kidonda cha miaka mingi. Kila senti ya hewa imetoka mfukoni mwa mfanyakazi wa kweli. Lakini hewa huthibitishwa kwa kumwita mtu, akaonekana au asionekane. Skrini tupu haithibitishi. Isitoshe, katika mji wetu mtu mmoja huandikwa Yusuf leo, Yousif kesho, na Joseph kesho kutwa; hata mtambo mzima, usio na hitilafu, utamkosa.

Kwa hiyo kamati za matawi zipeleke mezani madai haya. Kwanza, mshahara usisimamishwe kwa sababu ya jibu la kompyuta kabla jalada halijakaguliwa kwa mkono, na mhusika kusikilizwa. Pili, skrini ya karani ionyeshe wazi tofauti ya "halimo" na "mtambo haukujibu". Tatu, vijana wa hapa hapa wafundishwe kuuguza mitambo hii, ili tusingoje fundi wa kupigiwa simu nje ya nchi huku watu wanalala njaa.

Nasi tuna wajibu wetu. Tunza hati ya mshahara, kadi ya kazi na barua ya ajira, hata kama karani anasema karatasi zimepitwa na wakati. Siku mtambo utakaponyamaza, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako, na tawi lako litakuwa na kitu cha kushika mkononi.