Fuwele Kwenye Pazia

Anayefungua toleo hili akitarajia sayari zilizobandikwa kwenye fulana atasikitika. Tumezikataa. Picha ya darubini ikikatwa na kumwagwa juu ya kitambaa hupendeza siku mbili tatu, kisha jicho linaanza kuona pale ilipoungwa.

Kilichotuteka ni kazi iliyofanyika Uingereza. Mwaka 1946 Helen Megaw, mtaalamu wa fuwele, alipendekeza kwamba michoro inayotokana na eksirei ingefaa kwa nguo na karatasi za ukutani. Kufikia Tamasha la Uingereza la 1951, viwanda 28 vilikuwa vimelipokea wazo hilo, na Mkahawa wa Regatta jijini London ukapambwa kwa michoro hiyo, kuanzia mapazia hadi sahani.

Chukua insulini. Dorothy Hodgkin, naye mtaalamu wa fuwele, aliipiga picha ya eksirei mwaka 1935, lakini umbo lake halikufumbuliwa hadi 1969. Katikati ya miaka hiyo, watu walibandika ukutani kitu ambacho hata mchunguzi wake alikuwa bado anakihangaikia! Walichokiona ni mistari ya kontua, kama ile ya ramani za milima, iliyochorwa baada ya kuyapigia hesabu madoa ya eksirei.

Kwa maoni yetu, michoro ile ilikaa vizuri kitambaani kwa sababu fuwele yenyewe hujirudia. Kipande kimoja kidogo kikisogezwa kila upande hujaza nafasi yote bila pengo. Mchapaji wa vitenge anaijua kazi hiyo: rola ikimaliza mzunguko, ua la mwisho sharti liungane na la kwanza. Na njia za kurudia mchoro bapa kila upande ni 17 tu. Fedorov, mtaalamu wa fuwele wa Urusi, alilithibitisha hilo mwaka 1891.

Tulipolileta wazo hilo kwenye nguo zetu, khanga ilitusumbua. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, una mipaka, haupendi mchoro usio na mwisho. Sampuli nyingi tulizoletewa zilijaza fuwele mjini, zikapoteza ukhanga wote. Iliyotukuna iliiweka kwenye pindo, ambako mchoro hujirudia tangu zamani, na mji ukaachiwa nafasi.

Rangi ni hiari ya mbunifu. Mistari hatukuruhusu ipindwe, na wawili walitununia kwa hilo. Chini ya kila mchoro kuna jina la fuwele na kisanduku kinachoonyesha kipande kinachorudiwa. Mwenye kuchapa na apime.